Upande wa Pili: Historia ya Marhamu ya Kuzuia Homoni za Chunusi

Chunusi haiui, na kwa kuwa haiui imechekwa mara nyingi kuliko ilivyotibiwa. Kijana anapobaleghe hupewa mambo mawili kwa mkono mmoja: nguvu za utu uzima, na uso ambao hataki kuutazama katika kioo. Wazee humwambia kwamba yatapita, na kwa wengi hupita. Lakini kwa wengine huacha makovu yasiyofutika usoni na haya isiyotoka moyoni.

Ilikuwa mwaka 1941 ilipobainishwa kwamba homoni za kiume ni chanzo kikubwa cha maradhi hayo. Ilikuwa mwaka 2020 ilipopata ruhusa, nchini Marekani, marhamu ya kwanza ya kuzuia homoni hizo juu ya ngozi yenye chunusi. Kati ya ujuzi na tiba ilipita miaka 79. Muda huo haukupotea kwa uvivu. Dawa za kushindana na homoni za kiume zilipatikana mapema. Lililokuwa gumu ni kupata dawa ambayo ingefanya kazi mahali ilipopakwa, kisha ikome hapo. Na jambo hilo halijulikani kwa kutazama mahali palipopakwa peke yake. Hujulikana kwa kutazama upande wa pili: ubavu usiopakwa, mgonjwa aliyepewa marhamu tupu, na mtu ambaye mwili wake umetumiwa kwa majaribio. Historia ya tiba hii ni historia ya upande huo.

Kwamba kuna kitu katika kende kinachoutawala mwili mzima ni habari ya kale. Wafugaji walimjua maksai, na wafalme walimjua towashi. Waliona kwamba mvulana aliyehasiwa kabla ya kubaleghe hakuota ndevu, wala sauti yake haikuwa nzito, wala upara haukumjia uzeeni. Mwaka 1849, mjini Göttingen, Ujerumani, Arnold Adolph Berthold aliligeuza neno hili la mazoea kuwa jaribio. Aliwahasi majogoo wachanga, na undu wa vichwa vyao ukanywea. Baadhi yao akawarudishia kende, lakini akazipandikiza tumboni, mahali pasipo pake. Nao wakawika, wakapigana na kufuata makoo kama majogoo wengine. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ilikuwa imekwisha katwa, ilikuwa lazima ujumbe wa kende uwe umepita katika damu.

Kuukamata ujumbe huo kulitaka subira nyingine. Mwaka 1931 Adolf Butenandt alikusanya lita 15,000 za mkojo wa polisi, na katika bahari hiyo akapata miligramu 15 za androsteroni. Mwaka 1935 wenzi wa Ernst Laqueur, mjini Amsterdam, waliitoa testosteroni katika kende za mafahali. Na mwaka huohuo Butenandt kwa upande wake, na Leopold Ruzicka kwa upande wake, wakajua kuitengeneza katika maabara. Mwaka 1939 wawili hao walishirikishwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Tangu hapo tabibu hakuhitaji tena kukisia kazi ya homoni: aliweza kuipima kwa miligramu, akampa mtu, akamnyima, akatazama tofauti.

Ndipo James B. Hamilton, mtaalamu wa Marekani, alipoweza kuuliza swali ambalo matowashi wa kale hawakuulizwa: je, walikuwa na chunusi? Mwaka 1941 alitoa habari za wanaume ambao kende zao ziliondolewa kabla ya kubaleghe au hazikukomaa. Nyuso zao zilikuwa safi. Walipopewa testosteroni, baadhi yao wakaota chunusi kama vijana. Neno "baadhi" lina uzito wake hapa. Kama wote wangeota, ingesemwa kwamba homoni ndiyo chunusi yenyewe. Na kama asingeota hata mmoja, ingesemwa kwamba haihusiki. Kuota kwa baadhi yao kulionyesha kwamba homoni ni mlango ambao hapana budi maradhi yapite, lakini si kila mlango uliofunguliwa huingiza mwizi. Urithi wa ukoo, vijidudu vya ngozi na namna ngozi inavyojifunga na kujifungua vilikuwa na sehemu yao.

Kazi ya homoni katika ngozi imekuja kufahamika vizuri zaidi baadaye. Katika ngozi ya uso, ya kifua na ya mgongo mna tezi ndogo za mafuta, kila moja imeungana na tundu la unywele. Testosteroni hufika hapo kwa njia ya damu. Mwaka 1968 Nicholas Bruchovsky na Jean Wilson walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba ndani ya seli homoni hiyo hugeuzwa na kimeng'enya kuwa nyingine yenye nguvu zaidi, iitwayo dihidrotestosteroni. Homoni hukaa katika kipokezi chake kama ufunguo katika kufuli. Tezi hukua na kumimina mafuta. Tundu la unywele likiziba, mafuta hukusanyika, vijidudu huzaana, na pele huvimba na kutunga usaha. Homoni hizi huitwa za kiume kwa sababu ya wingi wake kwa wanaume, lakini wanawake wanazo pia, zitokazo katika ovari na katika tezi zilizo juu ya figo. Basi chunusi haichagui kijana wa kiume peke yake.

Kabla ya kuijaribu dawa ilipasa kupata mizani ya kupimia, maana jicho hudanganywa na matumaini. Mwaka 1961, mjini Boston, John S. Strauss na Peter Pochi walieleza njia iliyokuwa nyepesi kiasi cha kuchekesha. Walisafisha paji la uso la mtu, wakaweka juu yake karatasi nyembamba za kusokotea sigara, wakazifunga kwa muda wa saa tatu. Kisha wakayayeyusha mafuta yaliyonywewa na karatasi hizo, wakayapima uzito. Kwa mizani hiyo ilijulikana kwamba homoni ya kike iitwayo estrojeni huyapunguza mafuta ya ngozi. Lakini furaha haikudumu. Kwa mwanamume, kipimo kilichoyapunguza mafuta kilikuwa tayari kuingilia uanaume wake. Tatizo lote la nusu karne iliyofuata lilikuwa limekwisha onekana hapo: uso uliponywa kwa kuutoza mwili mzima kodi ambayo kijana hangeweza kuilipa.

Ikawa lazima kutafuta dawa ya kupakwa, na mnyama wa kuijaribia. Mnyama huyo alikuwa hamsta wa rangi ya dhahabu, mdogo, wa jamii ya panya, ambaye alikamatwa na watoto wake karibu na Aleppo, Syria, mwaka 1930, na uzao wake ukaenea katika maabara za dunia. Hamsta ana doa jeusi katika kila ubavu, nalo limejaa tezi za mafuta. Kwa dume doa ni kubwa, akihasiwa, hunywea, akipewa testosteroni, hukua tena. Mwaka 1950 Hamilton yuleyule, pamoja na William Montagna, waliandika juu ya tezi hizo na utii wao kwa homoni. Faida ya mnyama huyu ni kwamba ana mabavu mawili. Dawa hupakwa upande mmoja, na upande mwingine huachwa. Doa lililopakwa likinywea peke yake, dawa imefanya kazi na kukaa mahali pake. Madoa yote mawili yakinywea, dawa imepenya ikaingia katika damu na kusafiri, na tabibu mwenye busara huiweka kando. Katika jaribio hilo, upande usiopakwa ulisema mengi kuliko uliopakwa.

Dawa ya kwanza yenye nguvu ilitoka Berlin. Mwaka 1961 Rudolf Wiechert wa kampuni ya Schering alitengeneza siproteroni asetati, na Friedmund Neumann akagundua kwamba inazishinda homoni za kiume katika kipokezi chao. Ushahidi wake ulikuwa wa kutisha kidogo: panya wenye mimba walipopewa dawa hiyo, watoto wa kiume walizaliwa na maumbile ya kike. Dawa iliyoweza kufanya hivyo isingepewa kijana ainywe kwa ajili ya uso wake. Kwa wanawake ilipatikana njia: mwaka 1978 siproteroni iliuzwa pamoja na estrojeni katika kidonge kimoja kilichozuia pia mimba, ili asipatikane mtoto wa kudhuriwa tumboni. Wanaume wakabaki mlangoni.

Yamkini, walifikiri wataalamu, siproteroni ikipakwa itafanya usoni yale iliyoyafanya tumboni. Nchini Uingereza W. J. Cunliffe, Sam Shuster na mwenzao waliwapaka wagonjwa wa chunusi, wakapima mafuta, na mwaka 1969 wakatoa jibu: mafuta hayakupungua. Mwaka 1976 jaribio jingine la nchi hiyohiyo, lililotumia marhamu yenye siproteroni asilimia 1, lilileta jibu lilelile. Dawa iliyokuwa simba ndani ya mwili ilikuwa kivuli juu ya ngozi.

Kushindwa huko kulifundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba ngozi ya binadamu ni ukuta. Tabaka lake la juu ni la seli zilizokufa, zilizopangwa kama matofali na kuunganishwa kwa mafuta, na kazi yake ni kukataza visiingie vitu vya nje. Ngozi ya wanyama wa maabara ni nyepesi kupenya kuliko ya mtu, hivyo dawa iliyovuka kwa hamsta yaweza kusimama nje kwa mwanadamu. La pili ni kwamba ukuta huo una shauri gumu: dawa isiyopenya haifai kitu, na dawa ipenyayo mno huvuka tezi ikaingia katika damu, ikarudi kuwa ileile iliyokimbiwa. Aliyetafuta marhamu hii alitafuta mjumbe wa kupita mlango wa kwanza na kufia kabla ya mlango wa pili.

Wajumbe wengine walitumwa. Spironolaktoni, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959 kwa ajili ya kutoa maji mwilini, ilijulikana kwa dosari yake ya kuwaotesha wanaume matiti. Dosari hiyo ilikuwa dalili kwamba inashindana na homoni zao. Ilipofanywa kuwa marhamu, majibu yaligongana: mwaka 1986 Cunliffe na wenzake hawakuona mafuta yakipungua, na mwaka 1996 wataalamu wa Japani wakasema yamepungua. Kampuni ya Ufaransa, Roussel Uclaf, ilitengeneza inokoteroni. Mwaka 1992 yalitolewa matokeo ya kuijaribu kwa wanaume katika hospitali kadhaa za Marekani: pele zilizovimba zilipungua kidogo kuwazidi waliopakwa marhamu tupu, lakini mafuta ya ngozi hayakubadilika. Ilikuwa faida ndogo kuliko safari yake, nayo haikufika sokoni.

Wakati huo wengine walijaribu kukikamata kile kimeng'enya kinachoitia nguvu testosteroni. Hoja ilikuwa nzuri. Mwaka 1993 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za watu ambao, kwa maumbile, seli zao hazizitambui kabisa homoni za kiume. Hawa hawakutoa mafuta ya kupimika wala hawakuwa na chunusi. Basi ikidhaniwa kwamba kimeng'enya cha ngozi kikizuiwa, tezi zitalala, haikuwa dhana ya ovyo. Hata hivyo dawa ya kukizuia, iliyomezwa na wanaume wenye chunusi, ilionekana mwaka 2004 kuwa haifai. Hoja iliyonyooka karatasini haikunyooka usoni. Kuanzia hapo ilikuwa wazi kwamba kushambulia kipokezi chenyewe ndiyo njia iliyobaki.

Hapa haifai kupita bila kuutazama upande wa pili ulio mzito kuliko wa hamsta. Mmoja wa waandishi wa utafiti mashuhuri wa mwaka 1962 juu ya homoni na tezi za mafuta, pamoja na Strauss na Pochi, alikuwa Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kuanzia mwaka 1951 hata 1974 Kligman alifanya majaribio mengi ya ngozi katika gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia. Waliojaribiwa wengi walikuwa watu weusi, na wengi walikuwa mahabusu ambao hawajahukumiwa, waliokosa fedha za dhamana. Walilipwa fedha kidogo, ambazo gerezani ni nyingi. Katika miaka ya 1960, kwa malipo ya kampuni ya Dow Chemical, baadhi yao walipakwa dioksini, sumu inayoleta chunusi za aina mbaya, kwa kipimo kikubwa kuliko kile kampuni ilichotaka. Katika gereza hilo pia ilijaribiwa asidi ya vitamini A, ambayo mwaka 1971 ilipata ruhusa kuwa dawa ya chunusi na imewafaa mamilioni. Wenye nyuso zilizopona hawakuijua migongo iliyolipa.

Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Jaribio la hamsta lilikuwa la haki kwa sababu mabavu mawili yalikuwa ya mnyama mmoja. Faida na hasara zilikaa katika mwili mmoja. Holmesburg mabavu yalitenganishwa: hasara kwa mfungwa, faida kwa mwingine aliye nje. Mwaka 1974 Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda watu katika utafiti, na mwaka 1979 ripoti ya Belmont ikaeleza misingi yake, kwamba mtu aheshimiwe, atendewe mema, na mzigo wa utafiti ugawanywe kwa haki. Mwaka 1998 Allen Hornblum aliandika kitabu, Acres of Skin, kilichoifunua habari ya gereza hilo kwa wengi. Radhi ya chuo kikuu, kwa idara yake ya tiba, ilikuja mwaka 2021, na ya mji wa Philadelphia mwaka 2022. Wengi waliostahili kuisikia walikuwa wamekwisha fariki.

Mjumbe aliyetafutwa alitoka Italia, na asili yake ilikuwa ndani ya mwili wenyewe. Katika miaka ya 1930 Tadeus Reichstein alikuwa ameitoa katika tezi zilizo juu ya figo za ng'ombe dutu aliyoiita S, yaani kortekisoloni, ambayo mwili huipitia unapotengeneza kortisoli. Wataalamu wa kampuni ya Cosmo waliunganisha kwa dutu hiyo kipande kidogo cha kemia, nayo ikapata uwezo wa kukaa katika kipokezi cha homoni za kiume. Mwaka 2004 walieleza kwamba imejaribiwa kwa hamsta wa kale, nayo ina nguvu ya kuzuia homoni mahali ilipopakwa. Hekima ya dawa hii, iliyokuja kuitwa klaskoteroni, ni katika kufa kwake: ikipita ngozi, mwili hukikata upesi kile kipande kilichoongezwa, ikarudi kuwa kortekisoloni, ambayo damu huijua tangu zamani.

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba katika wanaume 77 marhamu hii ilizidi marhamu tupu. Kisha yakafuata majaribio mawili makubwa, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Walishiriki watu 1,440, wake kwa waume, walio na umri wa miaka 9 na zaidi, kwa hiari yao au, kwa watoto, kwa ridhaa ya wazazi. Waligawanywa kwa kura; nusu walipata dawa, nusu marhamu tupu; wala mgonjwa wala tabibu hakujua nani amepata nini. Walipaka mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki 12. Kufaulu kulihesabiwa kuwa ngozi iliyo safi au karibu na safi. Katika jaribio la kwanza walifaulu asilimia 18.4 ya waliopaka dawa, na asilimia 9.0 ya waliopaka marhamu tupu. Katika la pili, asilimia 20.3 na asilimia 6.5. Mwezi wa Agosti mwaka huo Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ikatoa ruhusa.

Tarakimu hizo zataka kusomwa kwa pande zote mbili. Asemaye kwamba mmoja kati ya watano alipona amesema kweli nusu, kwa maana wako waliopona bila dawa, kwa kuosha uso, kwa subira, au kwa siku zao kufika. Ukiwatoa hao, katika kila watu 100 dawa yenyewe iliwafaa watu 9 katika jaribio la kwanza na 14 katika la pili. Si muujiza, wala si bure. Pasingekuwapo marhamu tupu, dawa ingesifiwa kwa kazi isiyokuwa yake.

Na ule mlango wa pili ulichunguzwa pia. Watu wachache walipakwa dawa nyingi kuliko kawaida, kisha tezi zilizo juu ya figo zikapimwa kama zinaitika zinapoamshwa. Baada ya wiki mbili, mtu mzima 1 kati ya 20 na vijana 2 kati ya 22 walionekana kuwa tezi zao zimelegea. Dawa ilipoachwa, baada ya wiki nne wote walirudi katika hali yao. Habari hiyo iliandikwa katika maelezo ya dawa. Mjumbe hakufia mlangoni kabisa. Hatua chache alizivuka, nazo zilihesabiwa.

Ikiwa mwanafunzi atauliza ni nini kilichopatikana katika miaka hiyo 79, jibu haliko katika marhamu peke yake, maana marhamu nyingine zitakuja na kuishinda. Kilichopatikana ni desturi ya kuuliza juu ya asiyepakwa. Hamsta ana ubavu mwingine. Mgonjwa aliyepona ana mwenziwe aliyepewa marhamu tupu. Na uso uliotakata katika mji mmoja una mgongo uliokunjamana katika gereza la mji mwingine. Desturi hiyo ilianza kwa wanyama kabla ya kuwafikia wanadamu, na ilichelewa zaidi kuwafikia walio nyuma ya kuta. Kijana anayefungua leo kibweta chake cha dawa mbele ya kioo haoni katika kioo hicho ila uso wake. Ni kazi ya historia kumwonyesha wengine waliosimama nyuma yake.